Kiti cha Baba: Kwa Nini Tusiwapumzishe Wazee Wetu Kupita Kiasi

Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa jamii katika mkutano wa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira. Tunaichapisha karibu kama ilivyosemwa.



Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme juu ya afya ya wazee katika vikundi. Nafikiri alitaka niseme juu ya presha na kisukari. Hayo wahudumu wa afya wa kijiji wamekwisha kuyasema na watayasema tena, na wanayajua kuliko mimi. Mimi leo nataka kusema juu ya nyama. Sio nyama ya buchari, maana hiyo wengi wetu tunaiona Krismasi. Nasema nyama hii iliyo katika mapaja yetu, ile inayotuinua kutoka kitini na kutupandisha mlima. Msuli.

Nitaanza nyumbani kwetu, ili msiseme nimekuja kuwahukumu.

Baba yangu alikuwa mtu wa kahawa. Akiwa na miaka 71 bado alikuwa akiteremka mtoni na ng'ombe asubuhi na kupanda tena, na wakati wa mavuno alibeba kahawa yake mwenyewe hadi kiwandani. Mwaka huo akashikwa na nimonia, akalazwa siku 12, akapona. Aliporudi nyumbani sisi watoto tukakutana. Kaka yangu wa Nairobi akanunua kiti, kiti kizuri cha mbao chenye mito, tukakiweka chini ya mti wa avokado. Tukamwambia, Baba, umefanya kazi ya kutosha, sasa kaa. Na mimi mwenyewe, mwenye diploma ya kazi ya jamii ukutani, ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mjukuu akapewa amri: chakula kimfuate pale pale, maji ya kunawa pale pale, redio pale pale. Majirani wakatusifu. Walisema, watoto wa mzee huyu wana heshima.

Baada ya miezi kama mitano mama akaniambia baba hali vizuri. Tukadhani ni meno. Tukadhani ni tumbo, tukampeleka apimwe, hakuna kitu. Nyinyi mnajua chinsoni zetu. Kuna mambo ambayo baba hawezi kumwambia binti yake, na mkamwana ndiyo kabisa, hawezi hata kuyakaribia. Ilibidi mzee wa rika lake, waliyetahiriwa naye pamoja, atuite kando atuambie ukweli: mzee huyu hawezi kuinuka chooni. Choo chetu ni cha shimo, mtu huchuchumaa. Baba akichuchumaa, mapaja hayamwinui. Alikuwa akishika ukuta na kujivuta kwa mikono, na siku moja alikwama mle karibu saa nzima, akiogopa kuita kwa sababu aliyekuwa karibu ni mke wa mwanawe. Basi akajipangia mpango wake: nikila kidogo, nitakwenda kidogo.

Mnaona mambo yalivyofungana? Ameacha kutembea, mapaja yamekonda. Mapaja yamekonda, anaogopa choo. Anaogopa choo, anaacha kula. Hali, mapaja yanakonda zaidi. Usiku mmoja wa mvua akaanguka mlangoni mwa choo, nyonga ikavunjika, na hakutembea tena mpaka tulipomzika. Hospitali iliandika nyonga. Lakini mimi najua ilianzia kwenye kile kiti.

Sikuja kuwaliza. Nimekuja kuwaeleza nilichojifunza baadaye, kwa sababu tangu siku hiyo nimeuliza madaktari na kusoma kila nilichoweza kukipata juu ya msuli wa mzee.

Kwanza tuelewe msuli wenyewe. Msuli umefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba sana, kama mkonge uliofungwa pamoja. Nyuzi hizo ni za aina mbili. Kuna nyuzi za haraka, zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka upesi; hizo ndizo unazotumia ukiruka mtaro, ukinyanyua gunia, au ukijizuia usianguke unapojikwaa. Halafu kuna nyuzi za polepole, ambazo hazina nguvu nyingi lakini hufanya kazi kutwa bila kulalamika. Hizo ndizo zinazokupeleka sokoni na kukurudisha. Ndani ya nyuzi mna vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinavyoitwa mitokondria. Viite majiko. Ndiyo yanayotumia chakula na hewa ya oksijeni kutoa nguvu ya kufanyia kazi. Nyuzi za polepole zina majiko mengi kuliko zile za haraka.

Sasa, msuli una akili yake. Ukiufanyisha kazi ya mfululizo, leo, kesho na kesho kutwa, unajiambia: huyu mtu ameongeza kazi, na mimi niongeze majiko. Unajenga mitokondria zaidi, unaongeza vishipa vidogo vya damu, unaweka akiba ya sukari. Ndiyo maana msichana anayeanza kuchuma majani chai wiki ya kwanza anaumwa mwili wote, na baada ya mwezi anachuma huku akiimba. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni msuli.

Swali letu leo ni hili: je, msuli wa mtu wa miaka 70 bado una akili hiyo?

Wengi wetu tunajibu hapana. Tunasema mzee ni mzee. Na wako wengine, hasa watu wa mjini waliosoma vijitabu, wanaosema ndiyo kabisa, umri ni hesabu tu. Wote wawili hawajasema ukweli wote.

Huko Toronto, Kanada, katika Chuo Kikuu cha York, kuna watafiti ambao kwa miaka mingi wamechunguza jambo hili hili. Mwaka wa 2009 walichapisha jaribio walilofanya kwa panya. Walichukua panya vijana wa miezi 6 na panya wazee wa miezi 36, na miezi 36 kwa panya ni uzee kweli kweli. Wakauunganisha msuli wa mguu na umeme mdogo wa kuufanya ujikunje na kulegea, saa 3 kila siku, kwa siku 7. Mzee hakupewa nafasi ya kusema amechoka, na kijana hakupewa nafasi ya kujivuna. Wote walifanya kazi sawa. Mwisho wa wiki wakaipima misuli. Panya vijana walikuwa wameongeza majiko na uvumilivu sana. Na wazee? Wazee nao waliongeza. Misuli yao ilichoka polepole kuliko kabla ya jaribio. Lakini nyongeza yao ilikuwa ndogo kuliko ya vijana, kwa kazi ile ile.

Kwa hiyo msuli wa mzee ni kama mwanafunzi mzito. Darasani yumo, anasikiliza, anaelewa, lakini utamrudia somo mara tatu pale ambapo mwenzake umemwambia mara moja. Sababu zake ni kadhaa. Ndani ya msuli kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi kama tarishi: kazi ikizidi na nguvu ikipungua, vinapeleka habari kwamba majiko yaongezwe. Katika mwili wa mzee tarishi huyu anapeleka habari kwa unyonge. Pia neva zinazotoka katika uti wa mgongo kuamrisha misuli hufa moja moja kadiri miaka inavyokwenda. Neva ikifa, nyuzi zake zinabaki yatima. Baadhi huchukuliwa na neva ya jirani, kama tunavyochukua watoto wa ndugu, na nyingine hazipati wa kuzichukua, zinapotea. Na zinazoumia zaidi ni zile za haraka.

Hapo mtaelewa jambo moja ambalo mmeliona wenyewe. Mama wa miaka 68 anaweza kutembea kutoka Keroka hadi kwao na mzigo wake, polepole, asitue njiani. Lakini mwambie ainuke upesi kutoka kwenye stuli fupi ya jikoni, unamsikia akisema "yaani!" na kushika magoti. Ana mwendo mrefu bado, ila nguvu ya ghafla imepungua.

Wale wanaopenda riadha watakumbuka habari za Naftali Temu, mwana wa Nyamira. Tarehe 13 Oktoba 1968 huko Mexico City aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000. Alikuwa na miaka 23. Aliyekuwa mbele yake karibu na mwisho alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, mtu wa miaka 36. Temu alimpita katika mita za mwisho, na tofauti yao ilikuwa chini ya sekunde moja. Pale penye haja ya nguvu ya ghafla, kijana alimshinda mtu mzima. Lakini habari haikuishia hapo. Wiki moja baadaye Wolde huyo huyo alishinda marathoni, kilomita 42. Na mwaka wa 1972 huko Munich, akiwa na miaka 40, alipata medali ya shaba katika marathoni. Mbio fupi zilikuwa zimemwacha, zile ndefu alikuwa nazo bado.

Sisemi mzee wako akakimbie marathoni. Nasema umri hauchukui kila kitu kwa siku moja, wala hauchukui vyote kwa kasi moja.

Sasa tuje kwenye kiti.

Mwaka wa 1966 huko Dallas, Marekani, madaktari waliwalaza kitandani vijana 5 wa miaka 20 kwa wiki 3. Hawakuwa wagonjwa. Kazi yao ilikuwa kulala tu. Baada ya hapo wakapimwa uwezo wao wa kufanya kazi ngumu na ikaonekana umeshuka vibaya. Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1996, wale wanaume 5 walitafutwa tena. Sasa wana miaka 50, wengine vitambi. Wakapimwa. Na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo: zile wiki 3 za kitanda walipokuwa vijana zilikuwa zimewashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Halafu wakafanyishwa mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa miezi 6, wakianza kidogo kidogo, na ule uwezo wa pumzi ambao umri ulikuwa umewanyang'anya ukarudi. Na haukurudi kwa sababu moyo ulisukuma damu nyingi kuliko zamani. Misuli ndiyo iliyojifunza tena kuchukua oksijeni zaidi kutoka kwenye damu.

Kwa mzee kitanda ni kibaya zaidi. Huko Arkansas mwaka wa 2007 watu wazima wenye afya, wa wastani wa miaka 67, walilala siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Baba yangu alilala 12, na akiwa mgonjwa juu yake, kisha tukamwongezea miezi ya kiti.

Nataka hapa tuwe wakweli sisi watu wa maendeleo. Sisi vikundi tumefanya kazi nzuri. Tumekinga chemichemi, tumejenga matangi, maji yamefika karibu na boma. Bodaboda imefika mpaka mlangoni. Mimi sisemi turudi mtoni, maana migongo ya mama zetu inajua ule mlima. Lakini tulipoondoa ule mteremko na ule mpando, tuliondoa pia shule ya msuli, na hatukuweka kitu mahali pake. Mzee aliyekuwa akitembea hadi sokoni Alhamisi, leo anapigia kijana wa bodaboda simu. Ninyi mnaoishi karibu na miteremko ya Manga mnaona wenyewe.

Kuna watu jirani zetu wanaotufundisha jambo hapa. Wahadzabe wa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka wa 1989 watafiti waliandika juu ya bibi zao: wanawake wazee, waliokwisha kuzaa, walionekana wakitumia saa nyingi kwenda kuchimba mizizi katika ardhi ngumu kuliko hata wanawake vijana. Baadaye watu hao walifungwa vipimo vidogo mwilini. Ikaonekana wanafanya kazi ya nguvu zaidi ya saa 2 kwa siku, wazee wakiwemo. Na je, hawapumziki? Wanapumzika sana, karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa ofisini! Lakini namna yao ya kupumzika ndiyo tofauti. Hawana viti vya mito. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, na msuli wa mguu unabaki macho kidogo wakati wote. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2020. Nilipoisoma nilikumbuka nyanya yangu akipepeta wimbi, amechuchumaa asubuhi nzima, na anainuka kama msichana.

Sasa mtauliza, je, aliyekwisha kudhoofika tumwache? Hapana. Mwaka wa 1990 daktari mmoja wa Boston, Maria Fiatarone, pamoja na wenzake, walitoa habari za wazee 10 waliokuwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Walikuwa na miaka 86 hadi 96. Hao si wazee wa kukimbia, ni wazee wa kushikwa mkono. Waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa mguu, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8, wakiongeza uzito taratibu. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Wawili wakaacha hata mkongojo. Miaka 90, ndugu zangu, na msuli bado unasikia ukiambiwa.

Basi tufanye nini huku kwetu, bila mashine za Boston?

Zoezi la kwanza ni lile baba alilolikosa: kuinuka. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, ainuke asimame wima, aketi polepole, ainuke tena. Polepole wakati wa kuketi, hapo ndipo penye kazi. Aanze mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, akishika meza ikibidi. Wiki inayofuata aongeze. Akizoea, mpe stuli fupi zaidi. Akizoea, aache kushika. Hii haina gharama, na mjukuu anaweza kuhesabu na kujifunza hesabu humo humo.

La pili ni kutembea mlimani, na Mungu ametupa milima ya kutosha. Mzee apande mpaka pumzi iongezeke lakini aweze bado kuzungumza. Asipoweza kuzungumza amezidisha. Anayeweza kuimba wimbo mzima naye aongeze hatua. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2020 lilisema watu wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, na siku 2 au zaidi za kazi ya kutia misuli nguvu, na siku 3 za mazoezi ya kujizuia usianguke. Dakika 150 ni kama nusu saa siku 5. Mzee anayepeleka maziwa mwenyewe kituoni amekwisha kuzipata bila kuita mazoezi.

La tatu ni mzigo mdogo. Mtungi wa lita 3 au lita 5, sio wa 20. Hapa nataka nieleweke vizuri. Kazi ngumu ya kukuvunja si sawa na kazi ya kukujenga. Mama wa miaka 70 aliyefunga kuni za kilo 40 kwa kamba ya kichwani hafundishi msuli, anaharibu magoti na shingo. Msuli wa mzee hujenga wakati wa kupumzika, na kupumzika kwake huchukua siku nyingi kuliko kwa kijana. Kwa hiyo kazi nzito leo, nyepesi kesho. Na mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, miguu iliyovimba, au aliyevunjika hivi karibuni, apite kwanza kituo cha afya aulize. Usianze naye kwa sababu ulisikia hotuba.

Halafu chakula. Hapa naomba kina mama mnisikilize, na kina baba mnaoshika pesa msikilize zaidi. Msuli hujengwa kwa protini, na mwili wa mzee huitumia vibaya kuliko wa kijana, kwa hiyo mzee anahitaji zaidi wala si kidogo. Wataalamu waliokaa juu ya jambo hili mwaka wa 2013 walipendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina karibu gramu 6. Kikombe cha maziwa karibu 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa karibu 15. Omena ndiyo usiseme, kavu zaidi ya nusu yake ni protini, na bei yake si kama ya ng'ombe. Lakini sisi tunampa mzee nini? Chai na mkate asubuhi, uji mchana, jioni obokima mkubwa na chinsaga. Chinsaga ni nzuri, nami naipenda, lakini weka maharagwe au omena kando yake. Na igawe: kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, isiwe yote usiku. Kama hana meno, ponda.

Nimebakiza jambo linalovihusu vikundi vyenyewe, na hapa pengine wengine watanikasirikia.

Vikundi vingi nilivyotembelea vina kanuni ya siku ya kazi. Jumamosi moja kwa mwezi, wote jembeni kuanzia asubuhi hadi saa saba, asiyekuja faini. Mzee anafanya moja kati ya mawili. Ama anakuja, anachimba na vijana kwa aibu ya kuonekana mvivu, na anaumwa wiki 2. Ama analipa faini miezi mitatu, anachoka, anajitoa, na mchango wake wa miaka yote unabaki mezani. Vyote viwili ni vibaya, na kwa msuli ni vibaya zaidi. Kazi nzito mara moja kwa mwezi halafu kimya haifundishi kitu. Yale majiko niliyoyataja huanza kupungua ndani ya wiki chache yasipotumiwa.

Wazee wetu katika risaga hawakufanya hivyo. Mzee alikuwa na sehemu yake. Alishika mstari mfupi, au alipanga mbegu, au alitangulia kufyeka. Hakuna aliyemwambia kaa.

Kuna kikundi kimoja cha kina mama, sitakitaja kwa sababu hawakunipa ruhusa, kilichokuwa na mwanachama wa miaka 74. Alilazwa kwa malaria, karibu muda ule ule wa baba yangu. Aliporudi, alikuwa amebaki mifupa. Mwenyekiti wao hakuwa na diploma yoyote. Alisema tu kwamba huyu mama tukimwacha nyumbani tutamzika. Wakampa kazi ya kitalu cha miche: kila siku, sio mara moja kwa mwezi, ateremke kitaluni, amwagilie kwa mkebe, ainame ang'oe magugu, apande arudi. Wiki ya kwanza alisindikizwa na mkamwana, akapumzika mara nne njiani. Kikundi kilihesabu hiyo kazi kuwa sawa na siku ya jembe, na faini ikafutwa. Wapo walionung'unika, wakasema mbona yeye anamwagilia tu. Kufikia mavuno ya mahindi alikuwa akienda na kurudi bila kupumzika, na mtungi wa lita 5 mkononi. Mpaka nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akichuchumaa kupanda miche.

Nimekaa mara nyingi nikiwapima hawa wawili, baba yangu na huyu mama. Baba alikuwa na nguvu kuliko yeye kabla ya ugonjwa. Alikuwa na watoto wenye mshahara, na maziwa nyumbani. Mama huyu alikuwa na kitalu.

Kwa hiyo pendekezo langu, Bwana Mwenyekiti, na ningeomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, ni kwamba kila kikundi kikirudi nyumbani kiangalie upya kanuni ya siku ya kazi. Mwanachama aliyepita miaka 65 asisamehewe kazi na asitozwe faini. Apewe kazi nyepesi ya kila siku, au ya siku tatu kwa wiki, itakayohesabiwa. Kitalu, kuku, kupeleka maziwa, kukagua tangi. Na aliyetoka hospitali afuatwe nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, na wa kumfuata awe mtu wa rika lake, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, ambaye anaweza kumuuliza kuhusu choo bila kuvunja chinsoni. Kama hawezi kuinuka, kikundi kimjengee kiti cha choo cha mbao na mahali pa kushika. Ubao mmoja na misumari, fundi wa kikundi anaweza siku moja. Lakini kiti hicho kisiwe sababu ya kuacha lile zoezi la kuinuka.

Kabla ya chai tufanye kipimo kimoja. Mtu huketi kiti cha kawaida, mikono imekunjwa kifuani, na kwa sekunde 30 anahesabiwa ni mara ngapi amesimama wima na kuketi. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufika mara 10, au mwanamume wa umri huo akishindwa kufika 12, miguu yake imedhoofika na anahitaji kufuatiliwa. Si aibu, ni kama kupima presha. Vijana mtapimwa pia, msicheke, nimewaona mlivyokuja na bodaboda kutoka stendi.

Katibu ana saa. Tutaanza na wazee wa safu ya mbele. Omogaka, kiti hicho kiegemeze ukutani kwanza. Mikono kifuani. Haya, hesabuni.